Baada ya Masjala: Jinsi Taasisi Zinavyotunza Nyaraka za Kidijitali

Aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya serikali nchini Tanzania anaijua safari ya barua. Barua inapofika hupokelewa masjala, yaani chumba cha kupokelea barua na kutunza majalada, hugongwa muhuri wa tarehe, huandikwa katika rejesta, kisha hutafutiwa jalada linalohusika na kupewa namba ya folio, yaani namba ya nafasi yake ndani ya jalada hilo. Jalada hupelekwa kwa mkuu wa idara, naye huandika dokezo la kumwelekeza ofisa aliye chini yake. Ofisa hutoa maoni yake kwa dokezo jingine, na hatimaye jibu hutoka likiwa na kumbukumbu namba inayolirudisha kwenye jalada lilelile. Jalada likihama meza, mwendo wake huandikwa. Utaratibu huu ulikuwa wa polepole, majalada yalipotea, na mengine yalipotezwa kwa makusudi, kwa hiyo si jambo la kuliliwa. Hata hivyo ulijibu maswali ambayo taasisi nyingi zenye kompyuta za kisasa haziwezi kuyajibu leo: barua hii ilitoka wapi, nani aliiona, aliamua nini, kwa sababu gani, na iliyoitangulia ilisema nini.

Kompyuta zilipoingia maofisini zilichukua kwanza nafasi ya taipureta, si ya masjala. Barua iliandikwa kwenye kompyuta, ikachapishwa, ikatiwa saini, na nakala ya karatasi ikaendelea kwenda kwenye jalada kama zamani. Mambo yalibadilika pale mashauriano yenyewe yalipohamia kwenye barua pepe, kisha kwenye makundi ya WhatsApp, na jalada likabaki na karatasi za mwisho tu, bila mjadala uliozizaa. Kila ofisa akawa na masjala yake: folda iliyo kwenye kompyuta ya mezani, flashi iliyo mfukoni, sanduku la barua pepe ambalo nenosiri lake analijua yeye peke yake. Akihamishwa, akistaafu au akifariki, sehemu ya historia ya taasisi huondoka naye. Ndiyo maana anayeulizia mkataba uliosainiwa miaka sita iliyopita huletewa faili tatu, moja ikiitwa “ya mwisho”, ya pili “ya mwisho kabisa” na ya tatu “ya mwisho iliyorekebishwa”, na hakuna anayethubutu kuapa ni ipi iliyosainiwa.

Usimamizi wa nyaraka za kidijitali, ukiondolewa msamiati wa wauzaji wa programu, ni jitihada za kuyajibu tena maswali ya masjala baada ya karatasi kuondoka. Programu husaidia, na baadhi yake ni nzuri sana, lakini hakuna programu inayoweza kuamua kwa niaba ya taasisi ni kitu gani kinastahili kutunzwa, kwa jina gani, chini ya mamlaka ya nani na hadi lini. Maamuzi hayo manne ndiyo kazi yenyewe, na mradi wa mfumo mpya unaoyakwepa huishia kuhamisha vurugu iliyokuwa kwenye makabati na kuiweka kwenye seva.

Uamuzi wa kwanza ni wa kutenganisha waraka wa kawaida na kumbukumbu. Rasimu ya mkataba inayozunguka kati ya mwanasheria na idara ya ununuzi ni waraka: inabadilika kila siku, na ni halali ibadilike. Mkataba uliokwisha kusainiwa ni kumbukumbu: ni ushahidi wa tendo lililofanyika, na tangu saa hiyo hakuna anayeruhusiwa kuugusa, hata kama ni kwa ajili ya kusahihisha koma. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15489, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2001 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2016, kinataka kumbukumbu iwe na sifa nne. Iwe halisi, yaani imetoka kwa yule inayedaiwa kutoka kwake na katika wakati unaodaiwa, iwe ya kuaminika, ikieleza kwa ukamilifu jambo lililotendeka, iwe haijachezewa, na iwe inaweza kupatikana na kusomeka wakati inapohitajika. Karatasi iliyotiwa saini kwa wino na kufungwa kwenye jalada lenye folio zinazofuatana ilikuwa na sehemu kubwa ya sifa hizi bila mtu kuzifikiria, kwa kuwa folio ya 14 ikichomolewa pengo huonekana. Faili la kompyuta halina hata moja kati ya sifa hizo mpaka lipewe. Linaweza kunakiliwa mara elfu moja bila nakala kutofautiana na asili, tarehe yake inaweza kubadilika kwa kuhamishwa tu kutoka folda moja hadi nyingine, na likifutwa haliachi pengo.

Kinachoipa kumbukumbu ya kidijitali sifa hizo ni metadata, yaani taarifa zinazoueleza waraka wenyewe: nani aliuandika, nani aliuidhinisha na lini, ni wa shughuli gani, unahusiana na nyaraka zipi nyingine, una kiwango gani cha usiri, na utakaa kwa muda gani. Si jambo jipya. Namba ya jalada, namba ya folio, muhuri wa tarehe na maandishi ya rejesta vilikuwa metadata za zama za karatasi. Tofauti ni kwamba zamani kulikuwa na mtu maalumu aliyeajiriwa kuziandika, mtunza kumbukumbu wa masjala, ilhali leo kazi hiyo huachiwa kila mtumishi, ambaye ana haraka na haoni faida yake. Ukimwekea fomu yenye visanduku 15 vya kujaza kabla ya kuhifadhi barua moja, atajaza neno “mengineyo” katika kila kisanduku, au atairudisha barua kwenye flashi. Kwa hiyo mifumo iliyobuniwa vizuri hujaza yenyewe kila inachoweza kukijua, kama jina la mtumishi, idara, tarehe na saa, na kumwachia mwanadamu maswali mawili au matatu ambayo ni yeye tu anayeweza kuyajibu.

Swali kubwa kati ya hayo ni la mpangilio. Taasisi nyingi hupanga folda zake kwa kufuata muundo wa idara, jambo linaloonekana la kawaida hadi siku muundo unapobadilika. Wizara zikiunganishwa au kutenganishwa, na Afrika Mashariki hilo hutokea mara kwa mara baada ya uchaguzi, folda zilizopewa majina ya idara zilizokufa hubaki bila mwenyewe. Wataalamu hupendelea mpangilio unaofuata shughuli: kuajiri, kununua, kukagua, kutoa leseni. Idara huja na kuondoka, lakini kazi ya kutoa leseni hubaki, na aliyerithi kazi amerithi majalada yake.

Hapa yafaa kusema neno kuhusu kuskani, kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotelea. Taasisi hutangaza kwamba “inahamia kidijitali”, hukodi kampuni, huskani makabati yote, na mwisho hupokea diski yenye picha laki kadhaa za kurasa zilizopewa namba za mashine. Picha ya barua haitafutiki. Programu za kutambua maandishi husoma vizuri chapa safi, lakini husuasua mbele ya mwandiko wa mkono, mihuri iliyopishana na karatasi za kaboni zilizofifia, ambazo ndizo zimejaa katika majalada ya zamani. Bila mtu wa kuandika jalada linahusu nini, la nani na la miaka ipi, taasisi huwa imelipa ili karatasi zake zisisomeke kwa njia nyingine. Isitoshe, majalada mengi yaliyoskaniwa kwa gharama hiyo yalikuwa yameshapitwa na wakati na yalistahili kuteketezwa kisheria kabla mashine haijawashwa.

Baada ya waraka kutambuliwa na kupangwa linakuja suala la ulinzi. Masjala za serikali zilikuwa za aina mbili, ya wazi na ya siri, na aliyefanya kazi katika moja hakuwa na ruhusa ya kuingia nyingine. Mfumo wa kidijitali unaweza kwenda mbali zaidi ya hapo: mtu aruhusiwe kusoma bila kuchapisha, au kuhariri rasimu bila kuifuta, au kuona jalada la mtumishi mmoja bila kuona la mwenzake. Faida kubwa kuliko zote ni kwamba kila tukio huandikwa na mfumo wenyewe, pamoja na kutazama tu, jambo ambalo karatasi haikuliweza. Aliyefungua jalada saa nne usiku hujulikana. Lakini faida hiyo huyeyuka pale bosi anapompa katibu muhtasi wake nenosiri ili “amsaidie kupitisha mafaili”, kwa kuwa baada ya hapo maandishi ya mfumo yanataja jina la mtu ambaye hakuwapo.

Uthibitisho kwamba faili halijachezewa hupatikana kwa hesabu. Kanuni ya SHA-256, kwa mfano, hulipitia faili zima na kutoa mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Nukta moja ikibadilishwa katika mkataba wa kurasa 200, mfululizo unaotoka huwa tofauti kabisa. Saini ya kidijitali imejengwa juu ya hesabu ya aina hii, pamoja na ufunguo wa siri wa aliyesaini, ndiyo maana ni kitu tofauti na picha ya saini iliyobandikwa chini ya barua, ambayo yeyote anaweza kuinakili. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, na inapopimwa uzito wake inaelekeza kuangaliwa namna ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa, namna usalama wake ulivyolindwa, na namna aliyeutoa alivyotambuliwa. Kwa maneno mengine, hakimu hataridhika na karatasi iliyochapishwa kutoka kwenye kompyuta ya mtu. Atataka kujua kompyuta hiyo ilitunzwaje. Taasisi isiyoweza kueleza hilo inaweza kushindwa kesi ambayo haki ilikuwa upande wake.

Uamuzi mgumu kuliko yote ni wa kufuta. Kwa kuwa diski ni rahisi, viongozi wengi huona afadhali kutunza kila kitu milele, na hoja yao ina mvuto hadi gharama zake zinapojitokeza: utafutaji unaoleta majibu elfu nne, nakala rudufu zisizokwisha, na rundo la taarifa binafsi za watu waliokwisha kuachana na taasisi miaka mingi iliyopita, zikimngoja mdukuzi. Sheria nazo zimebadilika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, hazimruhusu mkusanyaji kukaa na taarifa za mtu kwa muda unaozidi mahitaji ya lengo lililozikusanya. Wakati huohuo, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya Tanzania ya mwaka 2002 haimruhusu ofisa wa umma kuteketeza kumbukumbu kwa utashi wake. Kati ya amri hizo mbili ndipo inapokaa ratiba ya uhifadhi na uteketezaji, hati inayosema kila aina ya kumbukumbu itatumika kwa miaka mingapi, itakaa kwa miaka mingapi kama jalada tuli, yaani lisilotumika tena mara kwa mara, na mwisho wake utakuwa moto au hifadhi ya kudumu.

Uingereza imetoa mifano miwili inayovutana kuhusu jambo hili, na mmoja unaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, majalada yaliyoonekana kuwa nyeti yalisafirishwa kwenda Uingereza, na mengine yaliteketezwa. Waliosafirisha hawakuyaweka katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ambako yangeorodheshwa na kusomwa. Yalifichwa na hatimaye yakawa katika jengo la serikali huko Hanslope Park. Mwaka 2011, katika kesi iliyofunguliwa na wazee wa Kenya walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya Uingereza ililazimika kukiri kwamba inayo majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani, yakiwamo takribani 1,500 ya Kenya. Mwaka 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Majalada hayo yalikuwapo kwa nusu karne, yamekauka na kukamilika, lakini kwa kuwa hayakuwa katika orodha yoyote ambayo mtafiti au wakili angeweza kuiomba, kwa umma yalikuwa sawa na yaliyochomwa.

Mfano wa pili ni kinyume chake. Mwaka 2010 mamlaka ya mipaka ya Uingereza iliteketeza kadi za kuwasili za wahamiaji walioingia nchini humo kwa meli katika miongo ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wengi wao kutoka Karibiani. Sababu iliyotolewa baadaye ilikuwa ya kisheria kabisa: taarifa binafsi zisihifadhiwe kupita muda wa mahitaji. Miaka michache mbele, serikali hiyohiyo ilianza kuwataka wazee hao wathibitishe tarehe waliyoingia, na waliposhindwa, wengine walipoteza kazi, matibabu na makazi, na wengine walifukuzwa nchini. Kashfa hiyo ililipuka mwaka 2018. Aliyepanga muda wa kadi zile alitazama matumizi ya ofisi yake tu. Hakujiuliza ni haki ya nani inategemea karatasi ile, na swali hilo ndilo linalopaswa kutangulia katika kila mstari wa ratiba ya uteketezaji, hasa katika nchi zetu ambako haki ya kiwanja, ya pensheni au ya uraia mara nyingi imelala kwenye karatasi moja tu.

Kumbukumbu iliyoamuliwa kudumu inakabiliwa na adui ambaye karatasi haikumjua. Mwaka 1986 shirika la BBC lilitoa mkusanyo mkubwa wa picha, ramani na maelezo ya maisha ya Waingereza, uliochangiwa na watu zaidi ya milioni moja, ili kuadhimisha miaka 900 ya Domesday, daftari la ardhi na mali lililoandikwa kwa amri ya mfalme mwaka 1086. Mkusanyo huo uliwekwa kwenye diski za leza zilizohitaji kompyuta na kisomeo cha aina yake. Haikupita miaka 20 kabla vifaa hivyo havijawa nadra, na watafiti wakalazimika kutengeneza programu ya kuiga kompyuta ile ya zamani ili yaliyomo yaokolewe. Daftari la mwaka 1086, lililoandikwa kwa wino juu ya ngozi, lilikuwa bado linasomeka kwa macho ya kawaida.

Karatasi husamehe uzembe: ukiisahau kabatini miaka 40, na mchwa wakiwa wamekuhurumia, utaikuta. Faili la kompyuta likisahauliwa miaka 40 limekwisha. Kuhifadhi kidijitali, kwa hiyo, ni kazi isiyokoma ya kuhamisha: kutoka diski hadi diski, kutoka mfumo hadi mfumo, na kutoka muundo mmoja wa faili hadi mwingine, huku kila uhamisho ukithibitishwa kwamba haukupoteza kitu. Muundo wa PDF/A, uliokubaliwa kuwa kiwango cha ISO mwaka 2005, ulibuniwa kupunguza mzigo huo. Hubeba ndani yake fonti na kila kinachohitajika kuuonyesha ukurasa, na hukataa vitu vinavyotegemea programu ya nje. Kuhusu nakala rudufu, kanuni inayotajwa zaidi inataka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine kabisa. Watu hucheka kwamba hilo ni jambo la wazi, lakini kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud kilipoungua huko Strasbourg, Ufaransa, tarehe 10 Machi 2021, kulikuwa na wateja waliogundua kwamba nakala zao za akiba zilikuwa katika eneo lilelile lililowaka.

Hadi hapa tumezungumzia nyaraka zenye umbo la barua, lakini mali kubwa ya taarifa ya taasisi nyingi sasa haina kurasa. Ni hifadhidata: orodha ya mishahara, rejesta ya walipakodi, kumbukumbu za wagonjwa, miamala ya simu. Ugumu wake ni kwamba hubadilika kila sekunde, hivyo kuuliza “hali ilikuwaje tarehe 30 Juni” kunawezekana tu ikiwa mfumo ulibuniwa kutunza historia ya mabadiliko, si hali ya sasa peke yake. Mali ya namna hii huanza kusimamiwa kwa kuorodheshwa. Taasisi huandaa rejesta ya mali zake za taarifa kama inavyoandaa rejesta ya magari, ikionyesha kila hifadhidata iko wapi, ina nini, na mwenye dhamana nayo ni nani. Mwenye dhamana asiwe mtaalamu wa TEHAMA. Huyo ni mtunza ghala. Mwenye taarifa za mishahara ni mkuu wa utumishi, kwa sababu yeye ndiye anayejua ikiwa ni sahihi na ndiye atakayeulizwa zikivuja. Pale taarifa zinapowekwa kwenye seva za kampuni ya nje, rejesta hiyo ieleze pia namna zitakavyorudishwa mkataba utakapokwisha, na katika muundo gani, maana mikataba mingi hueleza kwa kirefu namna ya kuingia na kukaa kimya kuhusu namna ya kutoka.

Tanzania imechagua kuirudisha masjala ndani ya kompyuta. Mfumo wa e-Office, unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, umeacha majina yale yale ambayo watumishi walikuwa nayo: jalada hufunguliwa, barua hupewa folio, dokezo huandikwa, na jalada huelekezwa kwa anayefuata. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko kununua mfumo wa kigeni wenye msamiati wake, kwa kuwa mtumishi hakulazimika kujifunza upya maana ya kazi yake. Pia umempa mtunza kumbukumbu nafasi ambayo kompyuta za kwanza zilikuwa zimemnyang’anya, ingawa katika taasisi nyingi bado anahesabiwa kuwa wa ngazi ya chini na mikutano ya kununua mifumo hufanyika bila yeye.

Kinachobaki kuwa kikwazo ni kipindi cha mpito, ambacho huwa kirefu kuliko kilivyopangwa. Jalada lenye nusu yake kwenye karatasi na nusu kwenye mfumo ni baya kuliko lililo upande mmoja tu, kwa sababu kila upande huonekana umekamilika. Njia inayoleta nafuu ni kuchagua tarehe, kuyafunga majalada yote ya karatasi kwa tarehe hiyo, kufungua mapya ndani ya mfumo, na kuskani ya zamani yale tu yanayoitishwa, siku yanapoitishwa. Na tarehe hiyo hushikika pale tu ambapo mkuu wa taasisi mwenyewe anakataa kupokea karatasi mezani kwake. Akikubali kuletewa jalada moja lililochapishwa ili alisome kwa raha, kufikia Ijumaa idara zote zitakuwa zinachapisha.